Ndoo ya Mchanga

Singano ameingia kabla sijamaliza kufungua mlango wa bati,
simu tatu kazifunga kwenye leso ya mama yake
kama mtu aliyebeba mayai.
"Fundi, zimegoma. Zimeandika hivi."
Nasoma: Uchimbaji hauruhusiwi kwenye kifaa hiki.
Kiswahili safi kabisa. Jina la aliyeandika hakuna.

Hapa Barabara ya Nane, Ngamiani,
neno kuchimba tumelitumia mno.
Abiria wa Lushoto husimamisha basi wakachimbe dawa.
Madalali wa machungwa huchimba mkwara.
Baba yake Singano alichimba vito kule Kalalani,
akarudi na kikohozi na kijiwe chekundu
ambacho sonara alikitazama mara moja, akamrudishia.
Na huyu mwanawe, kidato cha tatu,
amechimba usiku arobaini bila kushika sururu,
amelala chali,
simu zikihema juu ya mfuniko wa mtungi
zipate ubaridi wa maji.

Mama yake, Bi Mwanakombo, ndiye aliyestuka mwanzo.
Hakuona sarafu, aliona mita.
"Uniti za LUKU nanunua mimi, feni sina, friji sina,
nani anakula umeme wangu usiku?"
Akamtuhumu mpangaji wa chumba cha uani.
Mpangaji akala yamini.

"Umepata ngapi?" namuuliza.
Ananionesha. Sifuri, nukta, halafu sifuri nyingine
zimejipanga kama wanafunzi mstarini,
na mwisho kabisa saba, peke yake, imechelewa.
Haitoshi chapati.
"Ilikuwa inapanda," anasema.

Nageuza simu ya kwanza: mgongo umetuna.
Ya pili kioo kimeinuka, ukucha unapita.
Chini ya meza yangu kuna ndoo ya mchanga
tangu betri ya yule mwalimu ilipolipuka mkononi mwangu;
kidole hiki hadi leo hakijui moto wala baridi.
Kwa hiyo siwezi kuwalaani waliofunga.
Moshi wake nimeunusa.

Lakini kuwashukuru nako, haraka ya nini?
Simu hii Singano kainunua kwa kubeba magunia
likizo nzima pale soko la Mgandini.
Risiti anayo, imekunjwa mara nane.
Usiku, yeye kalala, mtu asiyemjua
akaingia bila hodi, akabadilisha kitasa,
akaacha kikaratasi.
Tunasema cha kuazima hakisitiri matako.
Haya, na cha kununua?

"Irudishe nyuma, fundi. Kule ilikokuwa Jumanne.
Nimesikia unaweza."
Naweza. Waya uko kwenye droo.
Dakika ishirini, elfu kumi na tano,
na kodi ya banda ni keshokutwa.
Natazama droo. Natazama ndoo.

Nikazitoa betri zote tatu
kwa kibanio cha plastiki, polepole, pumzi nimeibana,
nikazifukia mchangani.
Alisimama kama yuko maziko, mikono mbele.
Aliuliza tu kama mchanga wenyewe utaharibika.
Sikuwa na jibu la hilo.
Betri moja mpya nilimkopesha.
Akaiweka simu shavuni, akaikunjia uso:
"Ya baridi," akasema, kama anayeshitaki.

Usiku, nyumbani Makorora,
simu yangu nayo ikanitaka.
Sasisho jipya. Masharti kurasa arobaini na moja.
Mimi ninayefungua simu za mtaa mzima
niliteremsha kidole hadi chini, sikusoma mstari,
nikabonyeza Nakubali,
nikageukia ukutani nilale,
na hadi adhana ya alfajiri najiuliza
nimemkubalia nani.